Friji ya Baba Shabani na Chanjo za Mbwa Wetu

Vijana wangu, mmenisumbua niandike, basi someni. Kazi ya kujitolea haina barua ya kustaafu wala karamu ya kuagana. Mimi nimestaafishwa na goti la kushoto, ambalo mwaka huu limekataa kupanda vilima vya Kanama hata kwa kubembelezwa. Cheo sikuwahi kuwa nacho, mshahara ndiyo usiseme, kwa hiyo hayo mawili tumekwisha kuyamaliza. Yaliyobaki ni mbwa na watu, na walionishangaza zaidi mara zote walikuwa watu.

Kwa mliokuja juzi: mimi ni Mama Hadija, mshonaji wa Mbugangari, Mwislamu, mjane. Kwa miaka mingi sikuwa na habari na mbwa. Nilikuwa nikimwona mmoja barabarani navuka upande wa pili ili nguo yangu ya sala isiguswe. Kisha asubuhi moja nikafungua kibanda changu cha kushonea, nikakuta mbwa jike mwekundu amezaa ndani ya gunia la vipande vya vitenge. Nilipiga kelele mpaka wauza viazi wa ng'ambo wakadhani nimevamiwa. Watoto sita, macho yamefumba, wamelala juu ya mabaki ya gauni la harusi ya mtu.

Nikaambiwa kuna mzee mmoja anaokota mbwa. Ndiye Mzee Bosco, ambaye baadhi yenu hamkumkuta. Alikuwa amerudi kutoka Karagwe, Tanzania, alikotibu ng'ombe maisha yake yote, na uzeeni akawageukia mbwa wa Gisenyi pamoja na watu wachache waliochanga kutoka mifukoni mwao. Waliwaokota, wakawatibu, wakawaweka kwa walezi wa muda mpaka apatikane wa kuwachukua moja kwa moja. Mimi nilidhani amekuja na kikapu. Hakuja na kikapu. Alichuchumaa mlangoni akimpa ubavu, bila kumtazama yule mbwa machoni, akachungulia kidogo.

"Mama, ukiwahamisha leo watakufa," akasema. "Wakae hapa mpaka macho yafumbuke."

"Hapa wapi? Mi niko muislamu, mzee."

"Najua. Ndoo ya maji unayo? Udongo safi upo? Basi utajisafisha."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nikapigilia misumari miwili ukutani, mmoja wa gauni la mbwa na mmoja wa gauni la sala, na ndoo ikakaa mlangoni. Jirani yangu alikuja kuhakikisha kwa macho yake.

"Mama Hadija, batu banasema weye unafuga imbwa mu nyumba. Njo kweli?"

"Mu nyumba hapana. Mu kibanda."

"Yesu we!" akasema, akaondoka haraka kwenda kuwaambia wengine.

Mzee Bosco alinifundisha kazi bila kunikalisha chini hata siku moja. Mfukoni weka sambaza wakavu; mbwa anayekimbia mawe hakimbii samaki. Msogelee kwa ubavu, kama mtu anayepita kwenda kwake. Mimi nami nilimfundisha jambo moja: kamba ya nailoni inachuna shingo, afadhali vipande vitatu vya kitenge vilivyosukwa. Tangu hapo mbwa wetu walitembea mjini wakiwa na kamba zenye maua mengi kuliko bibi harusi.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la kutoa mbwa. Usimpe mtu mbwa kabla hujafika kwake, na ukifika usimsikilize baba mwenye nyumba. Baba atakuhutubia kuhusu wezi. Mtafute anayepika, kwa sababu yeye ndiye atakayeamua mbwa anakula au hali. Kama mpishi hataki, rudi na mbwa wako.

Mama Divine wa Cyanzarwe ndiye aliyekuwa baba, mama na mpishi wa nyumba yake. Alikuwa anavuka mpaka kila siku kwenda kuuza nyanya Goma, akiondoka kabla jua halijatoka, akimwacha binti yake Divine ajiandae peke yake kwenda shule. Wezi walikuwa wamekwisha kumwibia mbuzi. Tulipofika na mbwa mweusi mwenye sikio lililochanika, alisimama mbali na mikono kiunoni.

"Mi sipende imbwa," akatuambia. "Lakini bezi njo sipende kabisa. Jina yake nani?"

Mbwa aliitwa Mutachoka. Mnajua desturi ya huku, mtu akigombana na majirani hawatukani, humpa mbwa wake jina la kuwafikishia ujumbe, kisha humwita kwa sauti kubwa asubuhi na jioni. Mwenye mbwa wa kwanza aligombania mpaka wa shamba, akahama, akatuachia mbwa na ujumbe wake. Mama Divine alicheka kwa mara ya kwanza. Akasema jina hilo litamfaa sana, majirani anao.

Sasa niwaambie habari ya chanjo. Kila mbwa tuliyemtoa alichomwa kwanza sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, na chanjo hiyo lazima ikae kwenye baridi. Friji hatukuwa nayo. Aliyetuokoa ni Baba Shabani mwenye duka hapa Mbugangari, rafiki wa marehemu mume wangu, aliyetupa bure rafu ya chini ya friji yake ya fanta. "Imbwa usiniletee," alisema, "lakini dawa ni dawa." Kipima joto chetu kilikuwa mkono wa Mzee Bosco. Kila siku ya kuchanja alifika dukani saa nne asubuhi, akautia mkono, akausikia umeganda, akachukua vichupa akaridhika. Kisha kila mbwa aliyechomwa alipewa karte, kadi ya chanjo yenye saini ya Mzee Bosco na muhuri wetu. Watu waliziheshimu karte hizo kupita kiasi. Mama Divine aliiweka yake kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za bima ya matibabu.

Ijumaa ile sitaisahau. Tulikuwa na kazi Kanama, nami nilitaka kurudi kabla ya sala ya adhuhuri, kwa hiyo nikaenda kuchukua chanjo mara tu baada ya alfajiri. Baba Shabani ndiyo kwanza anafungua mlango. Nikafungua friji, nikatia mkono chini, nikashika kichupa. Kilikuwa vuguvugu, kama yai lililotolewa sasa hivi chini ya kuku. Nikashika cha pili. Nikashika chupa ya fanta. Vilevile. Nyuma yangu nikasikia Baba Shabani akichomeka waya ukutani huku akinong'ona bismillahi, na friji ikaanza kunguruma.

"Baba Shabani, umeme ilikatika?"

"Hapana. Iko."

"Sasa frigo?"

"Frigo nazimaka kila mangaribi nikifunga. Nani anakuyaka kununua fanta usiku? Asubui nawasha, saa ine iko na baridi kabisa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Tangu niliinunua." Akanitazama. "Kuko shida?"

Nilikaa juu ya kreti. Nikamweleza, naye hakuelewa mara moja. "Lakini baridi inarudiaka!" akasema. Nikamwambia, "Dawa haiko fanta, Baba Shabani. Ikisha kuharibika, imeharibika, hata uiweke mu barafu." Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema astaghafirullahi, astaghafirullahi.

Mimi nilikuwa nawapitia mbwa kichwani, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Mlinzi wa gereji. Yule wa bibi kipofu wa Kanama. Watoto wa yule jike mwekundu, wote sita. Kila mmoja alikuwa na karte, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kinga ya kuaminika. Kisha nikamkumbuka Divine.

Siku mbili kabla, Mama Divine alinipigia simu kuniambia kwamba Mutachoka amemwuma binti yake mkononi alipojaribu kumnyang'anya mfupa. Nilimwambia amwoshe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha ampeleke kituo cha afya bila kukawia. Alinicheka. "Kliniki ya nini, Mama Hadija? Imbwa iko na karte! Na mutoto iko na exama ya shule." Nikamsisitizia. Akasema bon, tutaona, akakata.

Nilimpigia simu Mzee Bosco, akafika kwa pikipiki. Alitia mkono ndani ya friji, ambayo ilikuwa imeanza kupoa, akauacha humo muda mrefu. Mtu huyo nilimwona amekanyagwa na fahali asitoe sauti. Siku hiyo alilia mbele ya rafu ya fanta, mkono ukiwa bado ndani, na Baba Shabani akalia naye.

Tulimkuta Mama Divine anapanga nyanya kwenye kreti. Mzee Bosco hakuzunguka.

"Mama Divine, ile karte niliyokupa haina maana. Dawa ilikuwa imeharibika na sisi hatukujua. Tumchukue mtoto tumpeleke hospitali sasa hivi."

Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki, akaitoa karte, akamwonyesha. "Haina maana namna gani? Sinyatire haiko yako hii?"

"Ni yangu."

Akaweka kidole juu ya muhuri. "Na tampo?"

"Ni yetu."

"Donc mutoto yangu..." Alikaa juu ya nyanya zenyewe, zikapasuka, akapiga yowe, "Yebaba weee!" Majirani wakaja mbio na majembe yao wakidhani kuna msiba.

Divine tulimtoa darasani. Hospitalini alichomwa sindano pembeni ya kidonda na nyingine begani, hakulia, mama yake ndiye aliyelia. Muuguzi alitueleza taratibu. Tumechelewa kidogo lakini hatujachelewa sana, mtoto arudi kwa sindano zilizobaki. Na mbwa asiuawe. Afungwe, alishwe, atazamwe. Akitimiza siku kumi tangu alipouma, mzima, anakula, basi hakuwa na ugonjwa siku ile alipouma. Akibadilika, akikataa chakula, tuje mbio. Mama Divine alisikiliza maneno hayo kuliko nilivyowahi kuona mtu akisikiliza hotuba ya msikitini au kanisani.

Jioni tulikutana kibandani kwangu. Solange, mwenzetu anayefanya kazi ya ofisi, mwanamke mwenye akili iliyotulia, alisema tusitangaze. "Tupite tu nyumba kwa nyumba, tuseme ni rappel, sindano ya kurudilia. Tukisema kweli, batu bataua imbwa zote. Munabajua batu." Hakukosea. Wote tuliwajua watu, na katika nchi hii wapo wazee waliowaona mbwa kwenye maiti miaka ile ya mauaji, nao wana sababu zao za kutopenda mbwa, sababu ambazo huwezi kubishana nazo. Nilitamani sana kukubaliana na Solange. Mzee Bosco akauliza swali moja tu: kati ya leo na siku ya sindano mpya, mtoto mwingine akiumwa na mbwa, mama yake atatazama nini? Atatazama karte.

Kesho yake ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Baada ya kufyeka na kuzibua mitaro, watu walikaa kwenye mkutano kama kawaida, na kiongozi wa mudugudu, yaani wa kitongoji chetu, akampa Mzee Bosco nafasi. Alisema yote kwa sentensi chache. Mkutano ukalipuka. "Yampaye inka!" wazee wakaapa. "Mulitudanganya!" Mwanamume mmoja alichana karte yake vipande vipande akavirusha juu. Katikati ya vurugu hiyo Baba Shabani akasimama, kanzu imetapakaa tope la mtaro.

"Muache mzee," akasema. "Frigo iko yangu. Mi njo nilikuwa nazima. Hakuna mutu alinituma."

Hakuna aliyekuwa amelitaja jina lake, na tulikuwa tumepatana kutolitaja. Mtu anaishi kwa wateja wale wale waliokuwa wakipiga kelele.

Sitawaficha yaliyofuata. Kabla jua halijazama mbwa kadhaa walikuwa wameuawa kwa fimbo, na mmoja wao alikuwa binti wa yule jike mwekundu, aliyezaliwa kwenye vitenge vyangu. Nilimzika mwenyewe. Wengine walifungwa mlangoni kwangu bila salamu. Nilichukia watu siku hiyo, niliwachukia kabisa, na nikamwambia Mungu hivyo. Lakini Jumatatu, chanjo mpya zilipofika ndani ya sanduku la barafu, nilitoka nje nikakuta msururu umefika mpaka barabarani. Mbwa kwa kamba, kwa mikanda, mmoja ndani ya karai kichwani. Yule aliyechana karte alikuwa wa tatu. Alimtukana Mzee Bosco vizuri, kisha akamshikia mbwa.

Baba Shabani naye aliita fundi, akachomeka friji, akaisiliba plagi ukutani kwa saruji. Nendeni mkaione, ipo mpaka leo. Na nyinyi mnaotumia kipima joto cha kisasa, kitazameni alfajiri. Saa nne kila kitu kina baridi.

Kule Cyanzarwe kazi ilikuwa kubwa zaidi. Majirani walitaka kumwua Mutachoka, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Mama Kevine wa nyumba ya pili, aliyekuwa na ugomvi na mbwa huyo tangu alipolisikia jina lake. Nilikwenda nikitegemea kumkuta mbwa amekwisha kufa. Nikamkuta Mama Divine amekaa kwenye kigoda mbele ya mbwa, jembe mapajani.

"Mutu asimuguse," aliwaambia. "Akikufa nitajua namna gani kama mutoto yangu iko muzima?"

Aliacha kuvuka kwenda Goma. Nyanya zikaoza. Yule mwanamke asiyependa mbwa alimpikia Mutachoka maharagwe na viazi, akampa kutoka sahani ya nyumbani, akainama kutazama koo likimeza. Kila asubuhi alinipigia simu. Hakusalimu. Alisema, "Amekula," akakata, nami nikaketi kwenye cherehani nikaweza kushona. Siku moja alisema, "Amekula nusu." Siku hiyo nilishona mkono wa gauni mahali pa shingo.

Asubuhi ya siku ya kumi, ile ya mwisho, simu haikulia. Nilingoja. Nilipiga mimi, haikupatikana. Nikapiga tena. Nikavaa gauni la mbwa, nikasimamisha pikipiki, na njia nzima nilikuwa najaribu kutunga maneno ya kumwambia mama.

Kabla hatujafika nikasikia kelele. Watu wamejaa uani. Nikashuka pikipiki haijasimama vizuri, nikasukuma watu. Katikati alisimama Mama Kevine, amekunja ngumi, anapiga kelele kwa sauti ya kukwaruza. Mbele yake Mama Divine, machozi yanamtiririka, mkononi ana manyoya. Simu yake ilikuwa chini kwenye udongo, imevunjika kioo. Divine alikuwa ameegemea ukuta na sare yake ya shule, mkono umefungwa bendeji, ameziba mdomo. Na Mutachoka amelala mwisho wa kamba yangu ya kitenge, anajilamba.

"Kuku yangu!" alikuwa anasema Mama Kevine. "Iliingia tu kuokota bitu mu sahani yake, akaikamata! Imbwa yako imekula kuku yangu!"

"Amekula?" akauliza Mama Divine. "Uliona na macho yako?"

"Mi njo niliona!"

"Yote?"

"Yote! Na mifupa!"

"Na mifupa," alisema Mama Divine. Akaangusha manyoya, akamkumbatia Mama Kevine shingoni, huku mwenzake akijaribu kujinasua. Alimwambia achague kuku yeyote anayemtaka pale uani, hata yule jogoo, hata wawili. Kisha akamvuta akamkalisha kwenye kigoda, akajifuta uso kwa kitenge, akamwomba asimulie tena, tangu mwanzo.